Lakiri Isiyovunjwa

Iko siku moja, mwanangu, nikiikumbuka naona haya hata nikiwa peke yangu. Ilikuwa miaka ya themanini, nami ni fundi wa vipimo Changamwe, kijana wa Timbwani niliyejiona najua.

Tulipima miale isiyoonekana kwa macho. Tulikuwa na chupa ya kimiminika ambacho kila mwale ukipita hutoa kimweko cha mwanga. Kimweko cha miale iitwayo gama huzimika mara moja. Cha miale ya nyutroni hukawia kidogo kufifia, na hapo ndipo tulipozitofautisha. Lakini kimiminika kikiingiwa na hewa, kule kukawia hupotea, nyutroni ikaonekana gama. Kwa hiyo kila tukikibadilisha tulipitisha gesi ya naitrojeni saa nzima, kuifukuza hewa.

Ijumaa moja, nimetoka tu kubadilisha kimiminika, likaletwa sanduku la kifaa cha kupimia unyevu wa udongo kwa miale, kibandiko cha kutaja aina ya miale yake kimebanduka. Nami nina harusi ya kaka yangu Likoni, na kivuko hakimngoji mtu. Gesi sikupitisha. Nikapima, nikaandika: gama tupu. Sanduku likawekwa nyuma ya kinga ya madini ya risasi, karibu na meza ya Mwanaisha, karani wetu, mja mzito wa miezi mitano. Risasi huzuia gama, mwanangu. Nyutroni hupenya tu.

Jumanne mkuu wangu, Mzee Chengo, akaniita.

"Gesi ulipitisha?"

"Naam, mzee."

"Na lakiri ya mtungi mpya wa gesi mbona nzima?"

Njia ya mwongo ni fupi. Tulipopima upya, nyutroni zilikuwamo. Tukalipeleka sanduku mwisho wa ua, tukalizungushia mapipa ya maji, maana maji ndiyo huzizuia nyutroni. Mzee hakunifokea. Alisema tu, "Sasa nenda ukamwambie Mwanaisha mwenyewe. Mimi sikusemei."

Mwanaisha alishika tumbo. "Tangu lini?"

"Tangu Ijumaa."

"Na chai yangu wainywa kila asubuhi," akasema.

Mtoto alizaliwa mzima, alhamdulillahi. Lakini miezi ile minne niliihesabu kwa hofu, na chai hakuniletea tena. Ilikuwa haki yake.

Mwanangu, kabla hujaandika "hakuna", hakikisha chombo chako kingeweza kukiona kitu hicho kama kingekuwapo. Na ukikosea, sema siku ile ile. Mficha uchi hazai. Mola akujaalie kazi ambayo mja mzito aweza kukaa karibu nayo bila kujua hata jina lako, na akawa salama. Amin.