Mwalimu Alitumia Nywila Yangu Kuwaanika Wazee Wetu, Sasa Anataka Nisaini Kosa Ni Langu

Admin, ficha jina langu na la kituo, mengine weka kama yalivyo. Wanaonijua watanijua tu, na sijali.

Mimi ni binti wa miaka 23, kwetu ni Getanuwas, Hanang, wafugaji. Nilimaliza diploma ya kompyuta nikakaa nyumbani mwaka mzima nakamua ng'ombe, hadi nikapata nafasi ya mafunzo ya vitendo Katesh, miezi minne, ya hii wanayoita cloud. Kwa asiyejua, ni kutumia mashine za mbali kwa intaneti: unahifadhi kumbukumbu zako huko, na wewe ndiye unayeamua nani afungue na nani asifungue. Nililipenda somo hilo vibaya sana. Wiki ya kwanza Mwalimu alitukaririsha jambo moja: nywila yako usimpe mtu, hata mama yako mzazi.

Kila kikundi kilitakiwa kutengeneza kitu cha watu halisi. Mimi na dada mmoja wa Bashay tukachagua daftari la mifugo, ili ng'ombe akiibiwa mwenyewe awe na picha na alama za kuthibitisha. Shida ni kwamba kwetu mtu haulizwi habari za ng'ombe wake. Na walioko kwenye boma lake si lazima wawe wake. Wengine amekabidhiwa na marafiki, yeye anakunywa maziwa, ndama ni wa mwenyewe. Nani kamkabidhi nani ni siri ya wanaume wawili, hata mke haambiwi. Wazee waliniambia kwa sababu mimi ni mtoto wao. Nilipita boma kwa boma na baba, nikawaapia kwamba kila mmoja ataona wa kwake tu.

Na nililifunga vizuri. Siku ya maonyesho wageni walijaa ukumbini, wakijaribu kwenye simu zao daftari linakataa kufunguka, kama nilivyolipanga. Mwalimu akaona aibu. Akanifuata, akaninong'oneza mbele ya watu, "Nipe nywila yako hapa nirekebishe." Jamani, huyo ni mtu ninayemwamkia shikamoo kila asubuhi. Mkubwa akinyoosha mkono mbele ya wageni, unampa. Nikampa. Akalifungua lote kwa yeyote mwenye kiungo, wageni wakapiga makofi, na hakulifunga tena. Mimi nilikuwa napiga picha na wageni, sikukagua. Mjinga mimi.

Nilipokuja kulifunga, kiungo kilishazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya nyumbani. Kuna Mzee G, rafiki wa baba tangu ujana, anaheshimika kwa boma lake kubwa. Kila mtu akasoma kwamba karibu ng'ombe wote wale ni wa watu. Familia iliyokuwa imemkubalia mwanawe posa ikarudi nyuma. Asubuhi moja akaswaga ng'ombe wote ambao baba alimkabidhi, akawaacha mlangoni kwetu. Baba akamkaribisha chai. Hakuingia, hata salamu hakuitikia. Kwetu ukirudishiwa ng'ombe namna hiyo, umeambiwa urafiki umeisha.

Nilirudi Katesh nikamtaka Mwalimu twende naye Getanuwas akawaeleze wazee. Akacheka. Akafungua kumbukumbu za mfumo zinazoonyesha nani alifungua na saa ngapi. Jina ni langu.

"Mimi sipo hapo," akasema. "Saini karatasi hii kwamba ulikosea, upate cheti na ile nafasi ya kazi Arusha. Usiposaini utaondoka mikono mitupu, na jina litabaki lako."

Namchukia huyu mtu hadi sauti yake sitaki kuisikia. Na yule dada wa Bashay alikuwa amesimama pembeni yangu siku ile, aliona kila kitu. Leo anasema hakumbuki vizuri. Cheti chake kinatoka wiki ijayo, atakumbukaje? Mnafiki mkubwa, hata simu zangu hapokei.

Nikamweleza baba yote, nikitegemea atanitetea. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja: "Wazee walimpa yeye au walikupa wewe?"

Nikasema walinipa mimi. Akainuka akaenda kwa ng'ombe. Tangu siku hiyo hajasema na mimi.

Karatasi ninayo hapa, wanaitaka Ijumaa. Nikisaini napata kazi, lakini habari zitafika Getanuwas kwamba nimekiri kwa mkono wangu, na yule mwongo ataendelea kufundisha wengine kutunza siri. Nisiposaini narudi kukamua. Msiniandikie nisamehe, sitasamehe. Na asitokee wa kuniambia hao ni ng'ombe tu. Nishaurini hili moja: nisaini nipotelee Arusha, au nikakae mbele ya Mzee G, bila cheti na bila shahidi, nimwambie siri yake niliitoa kwa mkono wangu kwa sababu niliogopa kumwambia mwalimu hapana?