Macho Hayana Pazia

Anayebeba kioo kikubwa kinyumenyume haoni aendako. Anaazima macho ya mwenzake aliyeshika upande wa pili, na mwenzake akinyamaza, basi tena. Mama Pacha alijifunza hayo kwa Mzee Kelele, fundi mwenzake wa miaka mingi, aliyekuwa akitangaza kila kijiwe: "Kizingiti, mwanangu! Inua mguu! Paka huyo, kushoto!" Karakana nzima iliwacheka, lakini wawili hao hawakuwahi kuvunja hata kioo cha kujitazamia.

Magoti ya mzee yakagoma, akastaafu. Bosi akamwambia Mama Pacha kwamba uongozi wa kikosi cha mafundi utakuwa wake, mradi amalize salama kazi ya duka jipya la nguo. Cheo hicho alikuwa amekitolea jasho, alikitaka hasa, wala hakuona haya kusema. Akapewa mwenza mpya, jamaa mmoja mwenye mabega mapana aliyeitwa Mtanashati kwa alivyopenda kujipamba.

Mvivu hakuwa. Tatizo lilikuwa macho yake. Kioo hakifichi kitu, na kutwa nzima Mama Pacha alikuwa upande wa pili wa kioo, akiangaliwa kama nyama buchani. Alipolalamika, mafundi walimcheka. "Macho hayana pazia, mama!"

"Hayana pazia, lakini yana mwenyewe," aliwajibu, na hilo nalo wakalicheka.

Basi akawa anavaa koti zito juani. Akiinama kupima dirisha, nusu ya akili ilikuwa kwenye futi na nusu inalinda kola ya blauzi. Yeye aliyesifika kwa vipimo akaanza kukata vioo pungufu. Bosi akaguna. Mama Pacha alijichukia kwa makosa yale, na wao akawachukia zaidi.

Siku ya kioo cha mwisho joto lilimshinda, akavua koti. Potelea mbali, alijisemea, amechoka kujificha kama mwizi. Wakanyanyua kioo, akatangulia kinyumenyume kuingia dukani. Upande wa pili kimya. Kisigino kikagonga kizingiti, akaanguka chali, na kioo kikamwangukia. Kilimkata mkono wa kulia, mpaka leo vidole viwili havikunjiki.

Aliporudi karakana na bandeji yake, bosi aliwakusanya wote. Mtanashati akaapa kwamba kizingiti hakikuonekana vizuri.

"Kilikuwa cha mbao au cha saruji?" Mama Pacha akamuuliza.

Jamaa akakuna kichwa. "Kusema kweli sikumbuki, mama."

"Na blauzi yangu siku hiyo?"

"Ya kijani, yenye vifungo vyeupe," akajibu papo hapo.

Karakana ikaangua kicheko. Bosi naye alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akatoa uamuzi. Kikosi kitaongozwa na Mtanashati, maana mikono yake ni mizima. Mama Pacha atakaa mapokezi. "Sura yako itatuletea wateja," akamwambia, akidhani anamfariji.

Sasa anakaa pale mlangoni, amevaa vizuri kama alivyoagizwa, anajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Mtanashati hupita mbele yake na vioo, mwenzake mwanamume akirudi kinyumenyume.

"Kizingiti, kaka! Inua mguu! Hapo hapo, taratibu!"

Hajawahi kumsahaulia mwanamume mwenzake hata kizingiti kimoja. Mara ya kwanza Mama Pacha alipomsikia, kalamu ilimdondoka. Kumbe sauti anayo.