Dada Aliyenifundisha Kujibu

Nilikuwa bwana shamba kwa miaka mingi kabla sijafikiria uuguzi. Nilizunguka kwa pikipiki katika vijiji vya Ufipa nikiwaonyesha wakulima viwavi wanaokula mahindi yao, na jioni nikarudi Sumbawanga mjini kwenye chumba changu cha kupanga. Kazi ile sikuichukia. Kilichonibadilisha ni ugonjwa wa baba.

Baba alipata kiharusi nyumbani kwetu Kaengesa, akapooza upande wa kulia. Mama alikuwa ameshafariki. Dada yangu, mkubwa wangu na ndugu pekee wa tumbo moja niliye naye, ni muuguzi wa kituo cha afya si mbali na hapo, na alikuwa akiishi na baba kwa sababu mumewe anashinda mbali, Muze, kwenye shamba lake la mpunga. Watu walisema mzee ana bahati, ana muuguzi ndani ya nyumba. Lakini baba alikataa kuogeshwa na binti yake. Dada alimbembeleza, akamkasirikia, hata akamwita katekista aje azungumze naye. Mzee alifumba macho tu, akageuzia uso ukutani.

Basi nikaanza kumwogesha mimi. Niliomba kazini nipangiwe vijiji vya upande ule, nikawa napita nyumbani karibu kila asubuhi. Dada alisimama nje ya mlango akinielekeza.

"Mgeuze aje upande wako. Shika bega na nyonga, usimvute mkono. Angalia visigino. Angalia chini ya mgongo, ngozi ikibadilika rangi niambie."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza, kwa sauti yake ikipita mlangoni. Asubuhi moja ya baridi kali, nilipokwisha kumkausha na kumpaka mafuta, baba aliniambia kwa Kifipa, kwa ulimi wake mzito, kwamba leo amejiona mtu tena. Nilipanda pikipiki nikaenda kuwaona wakulima wangu, lakini sikumbuki niliwaambia nini siku hiyo.

Chuo kimoja cha mbali kilikuwa kinapokea watu wenye shahada nyingine za sayansi ili wasomee uuguzi. Nilipomwambia dada, alikuwa anapepeta ulezi uani. Akauweka ungo chini.

"Wewe una kazi ya kudumu," alisema. "Unataka kuiacha uje uanze kubeba vyombo vya haja?"

"Tayari navibeba hapa."

Akacheka. "Haya. Lakini tufanye vizuri. Sitaki uniaibishe kwa maombi ya ovyo."

Nami nilimshukuru Mungu kwa kunipa dada wa namna ile. Alinitafutia nafasi ya kujitolea kituoni Jumamosi, chini ya mwenzake, maana alisema hairuhusiwi ndugu kumsimamia ndugu. Nikatandika vitanda, nikapima presha, nikawashika mkono wazee wakisubiri daktari. Kemia niliyosoma zamani ilikuwa imeshatoka kichwani, nikaanza upya na vitabu vya kuazima. Nilipoandika maelezo ya kwa nini nataka uuguzi, dada aliyasoma akiwa amesimama, akayarudisha.

"Umeandika unapenda kusaidia watu. Kila mtu anaandika hivyo. Waambie ulichofanya kwa mikono yako. Waambie siku ya kwanza ulipomwogesha baba ulijisikiaje."

"Niliona aibu."

"Basi andika hivyo."

Nikaandika hivyo. Sijawahi kuandika kitu cha kweli kama kile, na ni yeye aliyenisukuma.

Chuo kilitaka pia mtu wa familia atakayezungumza nao kwa simu kuhusu hali ya nyumbani, kwa sababu watu wazima wengi walikuwa wakianza masomo na kuyaacha katikati. Sikuwa na haja ya kufikiri. Nilimtaja dada.

Jioni za mwisho kabla ya usaili alinikalisha jikoni, yeye akajifanya mkuu wa jopo. Aliniuliza mambo mengi, lakini swali moja alilirudia kuliko mengine.

"Nani atabaki na baba yako?"

"Nitaangalia utaratibu wa..."

"Hapana. Ukibabaika hapo wamekumaliza. Habari ya kumwogesha niachie mimi. Sema: dada yangu atabaki naye, tumekubaliana. Sema ukinitazama machoni."

Nilisema. Akataka niseme tena, taratibu, bila kushusha sauti. Nikasema mpaka maneno yakawa yananitoka yenyewe.

Usaili ulifanyika kwa njia ya video. Nilivaa tai, nikafunga dirisha upepo usipige kelele, nikakaa mbele ya kompyuta ya kuazima. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Mama mmoja wa jopo, mtu mzima mwenye sauti ya upole, alisema maelezo yangu yalimgusa. Kisha akauliza nani atabaki na mzazi wangu.

"Dada yangu atabaki naye," nilisema. "Tumekubaliana."

Hawakuandika kitu. Yule mama aliwatazama wenzake, halafu akanitazama mimi.

"Tulizungumza na dada yako mwezi uliopita."

"Ndiyo, mama."

"Anasema hamjakubaliana lolote. Anasema mzee hakubali kuhudumiwa na mtu mwingine zaidi yako, na kwamba ukija huku utaacha masomo kabla mwaka haujaisha. Sasa tunajiuliza, mbona wewe unatuambia vingine?"

Nilisema labda simu haikusikika vizuri. Nilisema labda hakuelewa swali. Nikajisikia ninavyosikika, kama mtu aliyekamatwa anaongopa, na kila nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kuharibu. Yule mama alinishukuru kwa upole uleule. Nilijua nimekosa nafasi kabla hawajaniambia.

Jambo lililoniuma si kukosa. Niliporudia siku kichwani, niligundua kwamba simu ya chuo ilikuwa imepigwa kabla ya zile jioni za jikoni. Alikuwa ameshawaambia yale aliyowaambia, kisha akanikalisha kwenye kigoda na kunifundisha kusema kinyume chake, nikimtazama machoni.

Asubuhi yake nilikwenda Kaengesa. Nilimwogesha baba kwanza. Halafu nikamfuata dada jikoni, nikamuuliza aliwaambia nini.

Hakukana. "Niliwaambia ukweli."

"Mbona mimi hukuniambia?"

"Ningekwambiaje? Ulikuwa na furaha." Alikuwa anachambua maharage, hakuinua uso. "Wewe ukienda, mimi nitafanya nini na baba? Mimi ni muuguzi, nimeosha watu wa kata nzima, na baba yangu mwenyewe hanitaki. Ungeniachia mtu anayeoza mikononi mwangu."

"Ungesema hivyo, ningebaki."

"Ungebaki ukininung'unikia maisha yako yote. Nilitaka wao ndio wakukatalie."

"Na yale majibu uliyonifundisha?"

Aliendelea kutoa vijiwe kwenye maharage, kimoja kimoja, mpaka nikachoka kusimama.

Baba alikuwa amesikia. Ukuta kati ya jikoni na chumba chake ni mwembamba. Nilipoingia kumuaga aliniuliza kwa nini hakuna aliyemuuliza yeye. Alisema yuko binamu yetu, mwanaume mtu mzima anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, na kwamba yule akimwogesha yeye hana neno. Tulimwita binamu siku ileile, akakubali kabla hatujamaliza kueleza. Ilikuwa rahisi kiasi hicho. Hata leo hilo ndilo linanikera zaidi: swali moja kwa mzee aliyelala chumba cha pili lingetosha.

Dirisha la maombi lilipofunguka tena nilipeleka upya. Maelezo sikuyabadilisha hata neno. Mtu wa familia niliyemtaja safari hii ni baba. Walimpigia, na ingawa maneno yake hayasikiki vizuri, binamu aliniambia mzee aliwaeleza kwa subira, akirudia pale waliposhindwa kumwelewa. Nilipokelewa.

Sasa niko chuoni, mkubwa kuliko wote darasani, na nikiwa wodini nageuza wagonjwa kama nilivyofundishwa, bega na nyonga. Nimesikia kwamba dada huwaambia watu kanisani kuwa yeye ndiye aliyenitoa kwenye viwavi akanitia kwenye uuguzi. Hasemi uongo. Hajawahi kuniomba radhi, nami sijamdai. Nikipiga simu nyumbani napiga ya binamu, anamwekea baba simu sikioni, tunaongea. Dada huwa yupo hapo karibu, nasikia vyombo vyake. Binamu akiniuliza kama nataka kusema naye, namwambia amsalimie.