Mifuko Iliyobaki Korongoni

Kaburi la baba lilikuwa nyuma ya nyumba yetu, upande wa Gehandu, na korongo lilikuwa linalifuata. Kila masika lilikula kipande kingine cha shamba. Mama alipanda mkonge ukingoni, mkonge ukaenda na maji. Wakati ule tulikuwa bado Mkoa wa Arusha, na bwana shamba alipofika alitazama, akatikisa kichwa, akarudi zake. Mama hakulilia mahindi. Aliogopa kitu kimoja tu, kwamba siku moja mume wake atasombwa kama gogo.

Tulikuwa vijana wachache tuliomaliza darasa la saba bila kuchaguliwa kuendelea, na wazo lilitoka kwa msichana wa jirani, mwenye maneno mengi kuliko sisi sote. Serikali ilikuwa imeruhusu biashara huria, na mnadani kila kitu kilifungwa kwenye mifuko ya nailoni: sukari, dagaa, chumvi, magadi ya mifugo. Mnada ukivunjika, miiba yote ya pale uwanjani ilikuwa imevaa nailoni. Msichana akasema tuiokote, tuijaze mabua ya ngano yanayobaki kwenye mashamba makubwa ya Basotu wakishavuna, tuifunge na kuipanga korongoni, mawe juu yake. Maji yatapita polepole, udongo utabaki. Mnada utakuwa safi na kaburi litapona. Mpaka leo sijasikia mtaalamu aliyewaza vizuri kuliko hivyo.

Tulifanya kazi kiangazi kizima, watu wakituita wazoa taka. Mama alipika makande na kutuletea mwenyewe korongoni, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nikamsikia akiimba nyimbo za kanisani huku anatembea. Mvua za vuli zilipopita, matope yalibaki nyuma ya ukuta wetu. Nilijivuna, kwa nini nifiche.

Kisha jua likarudi, malisho yakaisha. Sisi, watoto tuliokulia nyuma ya mikia ya ng'ombe, tulikuwa tumejenga ukuta wa mabua na mifuko yenye ladha ya chumvi, tukadhani ng'ombe watapita kando. Wa kwanza kufa alikuwa ng'ombe wa baba yake yule msichana.

"Shikamoo baba," nilimsalimu.

"Marahaba. Sogea, uone."

Alikuwa amempasua tumbo. Ndani, nailoni ilikuwa imejisokota kama mpira wa watoto wa shule. Msichana alichuchumaa, akaanza kuifumua ile nailoni.

Mkutano wa kitongoji uliamua mifuko yote itolewe. Mama alisimama mbele ya wazee.

"Nawaomba, baba zangu. Tuweke miiba juu, ng'ombe wasifike. Masika ipite tu."

"Mama, aliyekufa amekufa," mwenyekiti alisema. "Hawa ng'ombe ndio wanatulishia watoto."

Nilimchukia kwa sababu alisema kweli. Tulibomoa kwa mikono yetu wenyewe, tukaacha mifuko ya chini tu iliyokuwa imeshikwa na matope.

Masika ikaja kwa hasira. Asubuhi moja mama alitoka kuchota maji, akarudi na ndoo tupu, akakaa chini. Msalaba wa kaburi haukuwepo, wala ardhi uliposimama. Tulitafuta korongo lote mpaka bondeni, majirani wakiwa nasi, hata mwenyekiti. Hatukupata hata ubao wa jeneza.

Msichana aliolewa mbali, na nilipokutana naye baadaye alizungumzia watoto na mahindi tu. Mkoa ukagawanywa, tukawa Manyara. Wakaja maofisa wapya na semina za mazingira, wakauliza vijana tuna mawazo gani. Nilikunywa soda yao, nikarudi nyumbani.

Mama alizeeka huku akishuka korongoni kila siku ya kumbukumbu ya baba, maana hapakuwa na pengine pa kwenda. Mara moja nilimfuata. Alikuwa ameinama kwenye ukuta wa udongo, anafuta tope kwenye ile mifuko yetu ya chini. Ilikuwa mizima, na mafundo tuliyofunga bado yameshika.

"Hii ipo," alisema. "Baba yako hayupo."