Mkaa Chini ya Minyaa

Jumamosi, tarehe kumi na mbili, mwezi wa nne. Mvua ya ngurumo ilipiga alfajiri kutoka ziwani, ikakata saa mbili. Baada ya hapo jua la kuchoma kisogo, na tope mtaa mzima.

Naandika huku nakaa, nasimama, nakaa tena. Leo mwili haunitulii. Mimi niliishia darasa la saba, kupanga maneno sijui sana, na kumbukumbu yangu siiamini yote. Pale nisipokuwa na uhakika nitakuambia.

Wewe uliyekujaga kwetu zamani, ukishukia barabarani leo utapotea. Palipokuwaga mtama na mihogo sasa ni msingi kwa msingi, nondo zimechomoza juu, mashine ya matofali inaunguruma tangu asubuhi, bodaboda zinapita na mabati yanapigapiga. Watu wa viwandani, walimu, wavuvi waliopata, wote wanajenga huku kwetu nje ya Musoma. Sisemi ni vibaya. Maji ya bomba yamekuja kwa sababu yao, na mimi nilibeba ndoo kutoka ziwani mpaka nywele za utosini zikagoma kuota.

Kilichonirudisha nyuma ni vigingi. Mdogo wangu wa kiume anataka kujenga ukuta, akaleta mpimaji, na mpimaji akaanza kupiga vigingi kufuata uzio wa minyaa uliopo kati yetu na jirani. Jirani mwenyewe alishafariki, pale anakaa binti yake. Sasa hivi binti anapenya kwenye mapengo ya uzio, lakini ukuta ukifuata minyaa anafungiwa ndani: hana pa kutokea barabarani hata na toroli. Alisimama pale, kanga kaifunga kiunoni, hakupiga kelele. Akaniangalia mimi.

"Dada, wewe ndiye mkubwa hapa. Mama alisemaga mpaka sio huu. Au alikuwa anaota?"

Nikasema naenda kuzima jiko. Jiko halikuwa limewashwa.

Nikiwa mdogo, sijaanza shule, bibi na yule jirani waliupanda mpaka pamoja. Kwetu mpaka ulikuwa haupandwi na nyumba moja. Kila mmoja alileta mkaa kutoka jikoni kwake, kwenye ungo uliochakaa. Wakachimba vishimo, wakamwaga wa huku na wa kule, ukachanganyika, juu yake wakachomeka vijiti vya minyaa. Bibi alinieleza kwamba uzio unaweza kufa, hata mawe mtu anaweza kuyasogeza, ila huo mkaa utabaki chini pale pale. Kisha wakanywa uji wa mtama kwenye kibuyu kimoja, jirani akimtania bibi kwamba anachimba kama anatafuta dhahabu. Uji ule uliochacha kidogo, harufu yake ninayo mpaka leo.

Nilipokuwa darasa la tatu, ng'ombe waliokuwa wakienda kunywa ziwani waliukanyaga uzio wote. Bibi alikuwa na homa, jirani kaenda msibani Nyamuswa. Bibi akaniambia kutoka kitandani, "Chomeka pale pale ilipokuwa. Ukiacha wazi, ng'ombe watatumalizia mihogo." Nilienda. Ardhi ilikuwa ngumu, jembe likawa linaruka tu. Lakini hatua chache upande wa jirani kulikuwa na njia ya ng'ombe, kwato zimeivuruga, udongo laini. Nikachomeka huko, mstari umenyooka vizuri, nikajisifu nimemaliza mapema. Kijiti cha mwisho ndicho kilichonirushia utomvu jichoni.

Kama hujawahi kuupata, usiombe. Nilijua nimekuwa kipofu. Jirani ndiyo kwanza anarudi kutoka msibani, akanisikia, akatupa mzigo chini. Alikuwa ananyonyesha. Akanilaza mapajani, akanikamulia maziwa yake jichoni. "Fumbua, mama, fumbua. Mwenzio atasubiri, leo zamu yako." Mwenzio ni kile kichanga kilichokuwa kinalia mgongoni kwake. Ndiye huyo binti wa leo.

Nilipanda kwenye ardhi yake, naye akaniokoa jicho, na sikumwambia. Siku hiyo sikuthubutu, na zilizofuata nilijifanya nimesahau. Bibi alipopata nafuu aliona, akasema tutairudisha mvua zikija. Mvua zilikuja yeye akiwa ameshatangulia. Simsingizii kwamba alitaka ardhi ya mtu. Wala mdogo wangu simlaumu, alikuwa hajazaliwa, amekua akiiona minyaa hapo hapo.

Nikatoka jikoni nikasema yote, mbele ya mwenyekiti wa mtaa, mpimaji, na mafundi waliokalia mifuko ya saruji.

Mdogo wangu alicheka. "Dada, juzi umesahau simu kwenye ndoo ya unga. Leo unakumbuka shimo la darasa la tatu?"

Mafundi nao wakacheka. Na ya simu ni kweli.

"Chimbeni huku, upande wetu," nikasema. "Kuna mkaa."

Shimo la kwanza halikuwa na kitu. La pili, mzizi. Nikaanza kujiuliza kama kile kibuyu nilikiona kweli au nilihadithiwa. Fundi mmoja akasema, "Mama, kwa mwendo huu tutatokea Ukerewe kwa chini." Mwenyekiti akaangalia saa. Binti wa jirani akamnyang'anya fundi jembe, akasogea hatua moja, akachimba kwa hasira, tope linamrukia usoni.

Mkaa ukatoka. Vipande vidogo, vyeusi, vimekaa pamoja kama vilimwagwa jana.

Mdogo wangu alichuchumaa, akaokota kimoja, akakivunja kwa vidole. Alikaa hivyo hata mashine ya matofali ikazimwa na kuwashwa tena. Kisha akaanza kung'oa vigingi mwenyewe. Alipofika kwenye kigingi cha pale alipopanga kuweka fremu ya duka, alisimama, akashika kiuno. Akaking'oa na hicho.

"Andika upya," akamwambia mpimaji.

Kesho minyaa inakatwa. Ilikuwa mahali pabaya, mimi najua kuliko wote, lakini nitaikumbuka. Ng'ombe hawapiti tena kwenda ziwani. Mipaka sasa ni kigingi na karatasi, na wenye nyumba zile mpya za nyuma sijawahi kunywa nao hata maji. Labda na wao wanasema hivyo hivyo juu yangu. Yule jirani ningemwambia siku ile ile, jicho likiwa bado linawasha, asingenipiga. Nadhani asingenipiga.

Jioni tulikula ugali wa mtama na furu wa kukausha, wale samaki wadogo wa ziwani, kwa nyanya na kitunguu. Binti wa jirani alikula na sisi. Mdogo wangu alinawa mara mbili, mkaa haukutoka kwenye kucha, akala hivyo hivyo.