Panya wa Timu Yetu, na Mimi Ndani Yake

Shule nyingine zina simba. Zina chui, zina tai, zina faru ambaye hakuna mwanafunzi wala mwalimu aliyewahi kumwona. Sisi tuna panya. Na si yule mwembamba wa darini anayekula sabuni, hapana. Wetu ni panya buku wa shambani, mnene, mchimba mashimo, ambaye huku kwetu Mtwara ana jina lake la heshima: samaki nchanga, yaani samaki wa mchangani. Ukimwita panya, ni mdudu. Ukimwita samaki nchanga, ameshakuwa mboga.

Tulivyompata ni hivi. Zamani, kabla sisi hatujavaa hata sare za chekechea, timu yetu ilifungwa na shule moja ya mjini, na watoto wa mjini wakaimba "Wala panya! Wala panya!" mpaka refa akacheka na filimbi ikamponyoka. Mechi ya marudiano kaka zetu wakaja na panya waliobanikwa, wamechomekwa vijitini kama wanavyouzwa barabarani. Wakajipanga nyuma ya goli la wapinzani, wakatafuna taratibu huku wakimkodolea macho kipa. Yule kipa alifungwa mpaka akaomba mwenyewe kutoka. Tangu hapo panya akawa mnyama wa timu, na fundi mmoja akamshona: mwili wa magunia ya korosho, tumbo la sponji ya godoro, masharubu ya fagio la chelewa, mkia wa mpira wa kumwagilia bustani.

Ndani ya huyo panya nilikuwemo mimi.

Mimi ni msichana, nipo kidato cha tatu, ni mfupi, na uwanjani mpira ukinijia huwa naupisha kama mtu mzima njiani. Lakini kijana aliyekuwa panya alimaliza shule, na mwalimu wa michezo akasimama paredi akitafuta mtu mfupi, asiyechoka, asiye na haya. Mwenzangu wa dawati akaunyanyua mkono. Wangu, si wake. Mwalimu aliniangalia kidogo tu, akasema, "Eeh, huyu. Huyu hana haya kabisa." Sharti likawa moja: siri. Panya ni panya, hana jina wala wazazi.

Hapo ndipo nilipopata maisha. Darasani nikichekesha, napewa fagio nifagie mpaka karibu mtaa wote wa Likombe. Ndani ya panya nikichekesha, napigiwa makofi na walimu walewale. Tena panya ana nafasi yake kwenye lori la timu, na mechi iliyokuwa inakuja ilikuwa Msimbati, karibu na kijiji cha bibi yangu. Panya akifutwa, nabaki na fagio. Ndiyo hesabu ilivyokuwa, hakuna nyingine.

Sasa baba yangu.

Baba anafanya kazi bandarini, na ni mtu anayepigia pasi leso. Nyumbani kwetu Rahaleo neno "panya" halitamkwi; akipita mmoja jikoni tunasema "yule bwana". Bibi, mama yake baba, akija kutoka kijijini huvua viatu, hukaa mkekani na kusema, "Mwanangu, nna hamu ya samaki nchanga." Na huwa amekuja naye kabisa, kwenye kapu. Basi baba huinuka, hufunga madirisha yote ya nyumba, joto likitupika sisi pamoja na mboga, ili jirani asisikie harufu. Bibi hula huku akimwonea huruma. "Mmakonde gani huyu," husema, "anaogopa chakula kilichokwisha kufa?"

Balaa lilikuja kwa simu. Mtu alinirekodi nikicheza pembeni ya uwanja, akaandika juu yake "MTWARA KITOWEO KINACHEZA CHENYEWE", na video ikazunguka makundi ya WhatsApp hadi ikafika bandarini. Baba alirudi nayo nyumbani. Akaisimamisha simu kwenye jagi la maji, akatulazimisha kuitazama tukiwa tunakula.

"Tazameni aibu hii! Mtu ananiuliza leo, mbele ya watu, eti 'Mzee, huyu ni shemeji yako?' Mimi!"

Bahati video ilikuwa fupi, na giza giza. Lakini mama aliitazama miguu ya yule panya kwa muda mrefu. Kisha akatazama ndala zangu mlangoni.

"Ongeza mchuzi," akaniambia.

Wiki ileile baba akapeleka hoja shuleni: panya abadilishwe. Mwalimu mkuu, mama mmoja mpole mwenye sauti ya kengele, akaitisha kikao cha wazazi, walimu na wanafunzi kwenye bwalo. Kwa kawaida midahalo yetu ni ya Kiingereza, ndiyo maana huwa mifupi. Siku hiyo akaruhusu Kiswahili, na hapo ndipo alipokosea, kwa sababu hakuna aliyekubali kukaa chini.

Mwalimu wa Baiolojia, mgeni kutoka mikoa ya kaskazini, ndiye aliyeanza. Alisema kwa uchungu kwamba jina lile linawadhalilisha wenyeji.

"Linatudhalilisha sisi?" mama mmoja akamuuliza. "Wewe umeshamla?"

"Hapana, mama."

"Basi ule kwanza, ndiyo utuonee huruma."

Mzee mmoja wa Mikindani, kanzu nyeupe hata ukimtazama unafumba jicho, akasema yeye hana ugomvi na mla chochote, kila mtu na sahani yake. Ila mwanawe anapiga chenga akiwa na picha ya panya kifuani, halafu jezi hiyohiyo anaingia nayo msikitini. "Panya katika swafu, jamani! Imamu akigeuka atasemaje?"

Mwalimu mkuu akaomba mapendekezo ya mnyama mwingine. Ilikuwa kama kufungua banda la kuku.

Tembo? Baba mmoja akaruka: "Tembo wamevuka Ruvuma wamemaliza muhogo wangu, halafu nije Jumamosi niwashangilie?" Mamba? Huyohuyo, mamba alimchukulia mbwa. Pweza? Timu isiyo na mfupa. Kaa? Tutakwenda upande upande, goli liko mbele. Mwenzangu wa dawati akasimama kwa adabu akapendekeza Gesi, kwa heshima ya visima vya Msimbati, na wanafunzi wote wa nyuma wakatoa heshima hiyo kwa midomo yao mpaka mwalimu mkuu akagonga meza.

Mwishowe mtu akasema Korosho. Mtwara ni korosho, nani atakataa? Watu wakaanza kuitikia kwa vichwa, na mimi nikaona lori la Msimbati linaondoka bila mimi. Nikajaribu kujifariji kwamba huenda nitavaa bibo. Lakini fikiria umbo lake: tunda kubwa jekundu juu, halafu korosho yenyewe inaning'inia kwa chini, katikati, peke yake. Wavulana wa kidato cha nne walikwisha kufikiria. Walikuwa chini ya madawati, wanalia.

Aliyeniokoa ni mzee wa Mikindani. "Hilo bibo," akasema polepole, "ndilo linalotengenezwa uraka. Tumetoka kwenye panya tumeingia kwenye pombe."

"Uraka si mbaya sana," sauti ikasema kutoka kwa wazazi, na mkewe akamvuta shati.

Ndipo baba akasimama. Akatoa leso, akaikunjua, akaikunja tena.

"Nyinyi mnacheka," akasema. "Mimi nilisoma shule ya bweni, mbali na hapa. Mmakonde peke yangu kwenye bweni zima. Kila siku ya nyama, wenzangu walikuwa wanaweka mkia wa panya kwenye sahani yangu. Wanasubiri nile, wacheke. Nikaacha kula nyama. Nikawaambia natoka Lindi. Nilimkana hata mama yangu alipokuja kunitembelea, kwa sababu alikuja na kapu."

Mwalimu wa michezo ni Mngoni, mtani wetu kabisa, mtu anayeweza kumwambia baba lolote hata msibani na asikasirikiwe. Alikuwa ameshafungua mdomo. Akaufunga. Sikuwahi kumwona mtani akipitwa na nafasi kama ile.

Na mimi sikuwahi kuisikia habari ile. Nilikuwa najua tu ya madirisha.

"Sasa leo," baba akaendelea, "mtoto wa mtu anavalishwa mkia, anarushwa kwenye simu za nchi nzima. Huyo mtoto hana wazazi? Mzazi wake yuko humu? Asimame basi tumwone!"

Mama alikuwa pembeni yake. Akaanza kuchunguza dari.

"Hatuwezi kumhukumu mtu asiyekuwepo," mwalimu mkuu akasema. "Mleteni huyo panya mwenyewe."

Mwalimu wa michezo akanitupia jicho. Nikanyoosha mkono, nikaomba kwenda haja. Mwenzangu wa dawati naye haja ikambana palepale. Stoo alinivalisha haraka haraka mpaka mkia ukakaa mbele, tukaurudisha.

"Nenda kacheze kama siku zote," akaninong'oneza.

"Hujamsikia baba?"

"Nimemsikia. Ndiyo maana nakwambia cheza."

Niliingia bwaloni. Mle ndani panya ana harufu ya godoro lililolaliwa na ukoo mzima, na tundu la kuonea ni moja tu, mdomoni. Kupitia tundu hilo nilimwona baba. Nilisimama tu, panya mnene amesimama mbele ya mwalimu mkuu kama aliyeitwa kwa kosa la kuchelewa. Watu hawakucheka. Panya asiyechekesha ni gunia.

Kisha nikasikia dawati. Mwenzangu alikuwa analigonga kwa viganja, ile midundo ya bibi wakati wa kumenya muhogo, niliyomfundisha mwenyewe. Mwili wangu haunaga akili. Bega likaanza lenyewe, kiuno kikafuata, na kabla sijajizuia nikafika kwenye ile hatua. Hatua hiyo ni ya bibi, sijamwona mtu mwingine duniani akiicheza: unakwenda mbele kwa kasi, unasimama ghafla kama uliyesahau chumvi dukani, unageuka unatazama makalio yako kwa mshangao, halafu unaendelea kana kwamba umeyakuta salama. Kwa mtu mwenye mkia, hatua hiyo inakuwa tamu mara mbili. Bwalo likalipuka. Ile video ya baba ilikuwa imekatika kabla ya kuifikia hatua hiyo.

Leso ya baba ilikuwa njiani kuelekea kwenye paji la uso. Ikasimama hewani.

Alimtazama panya. Akamtazama mama. Mama bado alikuwa na dari. Baba akakaa chini, akainuka tena.

"Mwenyekiti," akasema, na sauti yake ilikuwa na kikohozi ambacho si kikohozi, "naomba kumuuliza swali panya."

"Uliza, mzazi," mwalimu mkuu akajibu.

"Wewe panya. Wakikuimbia 'wala panya', huwa unafanya nini?"

Panya haruhusiwi kusema. Kwa hiyo nikamwonyesha. Nilijipapasa tumbo. Nikachokonoa meno kwa sharubu langu mwenyewe. Kisha nikapita mbele ya mstari wa wazazi polepole, nikimkagua mmoja mmoja, huyu mwembamba, huyu mifupa mitupu, mpaka nikafika kwa mwalimu wa Baiolojia, ambaye Mungu amemjalia mashavu. Nikasimama. Nikajifunga leso ya kufikirika shingoni, kama mtu anayesubiri sahani.

Mwalimu wa Baiolojia alicheka mpaka akashika meza. Mzee wa Mikindani alifuta macho kwa ncha ya kanzu. Na baba, jamani, baba alizika uso kwenye leso iliyopigwa pasi na mabega yakaanza kuruka.

"Mtani!" mwalimu wa michezo akapaza sauti, maana sasa nafasi yake imerudi. "Angalia usije ukaliwa na ndugu yako!"

"Wewe nyamaza, Mngoni," baba akamjibu. "Zamu yako ndiyo inayofuata."

Alipotulia, akaondoa hoja. Mzee wa Mikindani akakubali panya abaki, alimradi atoke kifuani mwa jezi, na hilo likapita bila ubishi. Wote wakapiga makofi. Baba hakuwa amemaliza.

"Nina masharti mawili, mwenyekiti. Kwanza, huyu panya afuliwe. Nimemnusa toka hapa. Pili, akirudi kwao ale mchicha. Nina habari za uhakika kwamba huwa anauficha chini ya ugali."

Watu walicheka bila kuelewa. Mimi niliyeelewa sikucheka; nilitoa jasho la kutosha kumwagilia bustani, na mpira wa kumwagilia nilikuwa nao.

Jioni tukakaa mkekani kula. Kulikuwa na mchicha, mlima wa mchicha. Nilikula wote, jani kwa jani, baba akiuangalia mkono wangu. Hakuna aliyetaja panya, wala bwalo, wala lori la Msimbati.

"Ile hatua ya bibi yako," akasema mwishowe, "unaikosea."

Nikarudisha tonge sahanini.

"Unageuka kulia. Mama yangu hugeuka kushoto. Utakwenda Msimbati mbele yake ukageuke kulia? Utamuua bibi wa watu."

Akainuka. Akaanza kufunga madirisha, moja baada ya jingine, kama siku za kapu. Akakunja mikono ya shati lake la kazini, akasimama katikati ya mkeka, mbele ya jagi la maji, na baba yangu, mtu wa leso, akaenda mbele kwa kasi, akasimama ghafla, akageuka kushoto.

"Ongeza mchuzi," mama akasema, bila kumwambia mtu yeyote.

Baba alirudia mpaka nikaipata. Ila dirisha la jikoni alikuwa amelisahau. Asubuhi, nilipotoka kwenda shule, watoto wa jirani walikuwa barazani kwao wamepanga mstari, wote wanageuka kushoto, wanatafuta mikia yao.