Mfarme wa Balabala

Rangi mbichi ya mafuta ikinipiga puani, hata niwe katikati ya kupatana bei, ulimi hunilegea. Ndiyo harufu iliyotoka kwenye tangi la pikipiki ya baba asubuhi tulipoisukuma hadi uwanjani Kakamega, kwenye maonyesho ya pikipiki za zamani.

Ilikuwa ya marehemu babu. Baba aliisugua kwa majivu mpaka vyuma vikang'aa, kisha akaandika kwenye tangi kwa mkono wake: MFARME WA BALABALA. Kwetu Matungu, kati ya r na l hutumika ile iliyo karibu na ulimi. Msimu huo alilitaka kombe la pikipiki bora kuliko alivyoitaka mvua.

Mtangazaji, kijana wa mjini mwenye miwani ya jua, aliyasoma maandishi yale, akatabasamu kama aliyeokota pochi. Akamsogezea baba kipaza sauti.

"Mzee, hii inaitwaje?"

"Mfarme wa balabala!"

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Nilipowatazama mara ya pili, nusu yao walikuwa watu wanaotamka vivyo hivyo majumbani mwao.

"Wa nyuma hawajasikia, mzee wetu. Rudia!"

Baba akarudia kwa sauti kubwa zaidi.

"Tena, baba! Tena!" wakapiga kelele, wengine wakishika mbavu.

Akarudia tena, mkono juu kama mgombea, jasho likimtiririka. Kisha akaniinua, akanisimamisha juu ya kiti cha pikipiki ili niwaone wote.

"Unawaona, mwanangu?" akaninong'oneza. "Kombe ni retu."